Kuhariri Video ya Somo: Mwongozo kwa Mwalimu Anayeanza

Mwalimu anayeanza kuhariri video za masomo mara nyingi hukimbilia madoido: picha zinazozunguka, maandishi yanayoruka na muziki wa kuchangamsha. Hayo yanaweza kusubiri, na mengine hayahitajiki kabisa, kwa sababu mwanafunzi wa Mbagala anayetazama somo kwenye simu ya mzazi wake anahitaji kwanza kusikia kila neno, kisha kupata nafasi ya kufikiri.

Uchaguzi wa programu usikuumize kichwa. Mwenye simu pekee anaweza kuanza na CapCut, na mwenye kompyuta ya kawaida atatosheka na Kdenlive au Shotcut, ambazo ni za bure na hazibandiki nembo juu ya kazi yako. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, ila inadai kompyuta yenye nguvu na itakukatisha tamaa ukiiweka kwenye mashine ya zamani.

Lipo jambo moja la kushughulikia wakati wa kurekodi, kwa kuwa ni gumu kulirekebisha baadaye. Umeme wetu wa Tanzania ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa, hasa zile ndefu za mirija, humetameta mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, bila jicho kutambua, ilhali kamera hutambua. Simu nyingi hurekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, idadi isiyoingia sawasawa kwenye 100, na hapo ndipo huzuka mistari ya giza inayopita juu ya ubao. Ikiwa simu yako inaruhusu, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, ambazo huingia sawasawa kwenye 100, kisha fungua mradi wa uhariri wenye kasi hiyohiyo.

Ukishaingiza vipande vyako kwenye programu, usianze na picha. Vaa hedifoni usikilize rekodi nzima mara moja bila kukata chochote, ukiandika dakika ambazo bajaji imepita, adhana imesikika au mtu amegonga mlango. Kelele fupi za namna hiyo hukatwa, au mwalimu hurudia sentensi husika. Mngurumo wa feni, ambao kwa joto la Dar es Salaam ni vigumu kuuepuka, hutibiwa kwa njia nyingine. Siku ya kurekodi, nyamaza kwa sekunde 30 hivi huku feni ikizunguka na maiki ikiwa wazi. Katika programu ya bure ya Audacity, chagua ukimya huo ili programu iutambue mngurumo wenyewe, kisha chagua rekodi yote na uupunguze. Upunguze kwa kiasi, maana ukizidisha, sauti ya mwalimu itasikika kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kipande hichohicho cha ukimya kitakufaa tena kujazia mapengo, ili msikilizaji asishtuliwe na sauti inayokatika ghafla. Mvua ya masika juu ya paa la mabati haina dawa; subiri ikatike urekodi upya.

Sasa kata. Ondoa sentensi zilizorudiwa, makosa ya ulimi na muda wa kutafuta chaki, na kila ukata uuweke pale msemaji anapovuta pumzi, si katikati ya neno. Hata hivyo, ushauri unaotolewa kwa watengenezaji wa video za burudani, kwamba kila ukimya uondolewe, haufai kwa somo. Chukua mfano wa mwalimu aliyeandika x² + 5x + 6 = 0 na kuuliza: ni namba zipi mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa 5? Mhariri mwenye haraka atabandika jibu, 2 na 3, papo hapo. Mhariri mwema ataacha sekunde nne au tano, swali likibaki kwenye skrini na mkono wa mwalimu ukiwa umetulia, kwa kuwa ndani ya sekunde hizo mwanafunzi ndipo anapojifunza. Kadhalika, usikate picha wakati mkono bado unaandika. Acha mstari ukamilike na mkono uondoke mbele ya ubao.

Pale ambapo ukata umeacha mruko, yaani kichwa cha mwalimu kimehama ghafla, funika kwa mchoro au picha ya daftari huku sauti ikiendelea chini yake. Maandishi yawe makubwa, yatumie maneno yaleyale anayoyatamka mwalimu, na yakae hadi wewe mwenyewe uweze kuyasoma mara mbili bila haraka. Kuhusu mageuzo ya kutoka picha moja hadi nyingine, ukata wa kawaida unatosha karibu kila mahali.

Muziki usiwekwe chini ya maelezo. Ukiutaka mwanzoni, tumia ule ambao mwenye haki yake ameruhusu utumike, kwani wimbo wa Bongo Fleva unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata kama video yako ni ya kufundishia.

Wakati wa kutoa faili la mwisho, chagua MP4 yenye kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, kisha ufikirie bando la mtazamaji. Dakika 10 kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde ni takriban megabaiti 600, kwa kuwa megabiti 8 ni megabaiti 1. Dakika hizohizo kwa ukubwa wa 720p (picha yenye mistari 720 kutoka juu hadi chini) na megabiti 1 kwa sekunde ni takriban megabaiti 75, na kwa somo la ubao au slaidi zisizotembeatembea, maandishi bado yatasomeka. Kabla ya kulituma, litazame lote kwenye simu ya bei nafuu, bila hedifoni, ukiwa umekaa barazani na magari yakipita. Neno lolote usilolisikia hapo, lirudie kulirekodi.