Kumtafsiria mama filamu ya wazee waliohamia India

Mama ana miaka 76 na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Sinema aliijulia Tanga, enzi za Raj Kapoor, akilizwa na Kihindi asichokielewa. Nilipopata The Best Exotic Marigold Hotel ya John Madden, Waingereza saba waliozeeka wanahamia hoteli chakavu Jaipur, nikajua India yenyewe itamfurahisha. Shida ni kwamba filamu hii haina mapigano, ni mazungumzo kwa saa mbili na dakika nne. Na yale maandishi ya chini ya skrini yanataka miwani, ambayo haionekani tangu Ramadhani.

Nikamtafsiria mwenyewe, yeye na mashoga zake watatu. Ukitaka kujaribu, itazame kwanza peke yako mara mbili, ya pili ukiwa na kalamu. Siku yenyewe anza saa tisa alasiri, maana mtasimama sana na magharibi haingoji.

Majina yaache. Muriel, Evelyn, Jean, hakuna atakayeyashika. Fanya kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu kwa sauti, enzi za vibanda vya video, mbatize kila mtu upya. Muriel (Maggie Smith) aliyekwenda kubadilishwa nyonga nilimwita Bi Nyonga. Jean anayenung'unikia kila kitu, Bi Kisirani. Mumewe Douglas hakuhitaji jina, walimwita wenyewe "maskini". Kwa Madge na Norman sema tu hawa wawili wanatafuta wachumba, uendelee.

Usitafsiri kila sentensi. Tafsiri nani ana deni, nani kafiwa, nani ni nani kwa nani. Mwanzoni kabisa Evelyn (Judi Dench) yuko kwenye simu kwa shida ya intaneti, na sauti ya upande wa pili inashikilia izungumze na mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni mumewe, na ameshakufa. Simamisha hapo, usiogope. Kwetu ilichukua dakika kumi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na dirisha lake la benki la kusimulia. Usiwakatishe! Baadaye Evelyn anapopata kazi Jaipur ya kuwafundisha vijana wa kituo cha simu namna ya kuongea na wazee, wataelewa kabla hujafungua mdomo.

Kuna pa kunyamaza pia. Barabara za Jaipur hazitaki mkalimani. Bajaji zilipotokea, Bi mmoja alipiga kelele, "Kumbe kwao ndiko zilikotoka!"

Palipo pagumu ni kwa Graham (Tom Wilkinson). Aliishi India ujanani, anarudi kumtafuta aliyempenda, naye ni mwanamume. Amua mapema utasemaje. Mimi nilijikanyaga nikasema "rafiki yake wa zamani". Mama akanigeukia: "Rafiki gani wa kutafutwa hivyo? Sema, hapa hakuna mtoto." Nikasema. Hakuna aliyeondoka. Graham alipokufa kwenye kiti chake walisoma Inna lillahi wote wanne, na mwili ulipochomwa nilishusha rimoti nikakaa kimya.

Bi Nyonga atawaudhi mwanzo. Ana dharau kwa Wahindi, na begi lake limejaa vyakula vya kwao Uingereza. Usimpambe, mtafsirie ubaya wake wote. Ikifika pale anapoeleza alivyokuwa mtumishi wa ndani miaka yote, akalea watoto wa watu, akamfundisha kazi binti mpya kisha ndiye akachukua nafasi yake, punguza sauti yako asikike yeye. Shoga mmoja wa mama alifanya kazi za ndani Dar miaka ishirini na kitu. Alivua mtandio akajifuta uso, kikombe cha kahawa kikapoa mbele yake.

Jambo la mwisho: kuna sehemu ya pili, ya 2015. Usiwaambie siku hiyohiyo. Mimi niliteleza ulimi, Jumamosi iliyofuata walibisha hodi saa saba, sijala.