Kufuga mbwa Belfast: chipu kwanza, leseni baadaye

Jamani mliohamia Ireland Kaskazini mkataka kufuga mbwa, someni hii kabla hamjabeba kitoto cha mbwa toka kwa mtu. Nyumbani mbwa anakula ugali uliobaki, usiku anazurura na wenzake mpaka alfajiri na hakuna anayekuuliza kitu. Huku ana makaratasi kama mhamiaji. Na usimsikilize shemeji yako wa Manchester anayesema leseni ya mbwa ilishafutwa, kwao ni kweli ilifutwa toka miaka ya 80, ila huku ipo mpaka leo na sheria yenyewe ni ya 1983.

Anza na chipu. Tangu 2012 leseni haitoki bila namba ya chipu, kwa hiyo ukikimbilia fomu kabla ya kwenda kwa vet (daktari wa mifugo) unajisumbua tu. Ni kidude kama punje ya mchele, kinachomwa na sindano chini ya ngozi maeneo ya mabegani, mbwa analia kidogo basi yameisha. Namba yake ina tarakimu 15, ihifadhi kwenye simu.

Halafu nenda halmashauri ya mahali unapoishi, ziko 11, kama unakaa Lisburn usiombe ya Belfast. Mtandaoni inawezekana, ni rahisi kuliko kupanga foleni. Ada ni pauni 12.50 kwa mwaka, ila mbwa akiwa amehasiwa unalipa pauni 5 tu, hivyo hivyo kwa wanaopata baadhi ya misaada ya serikali. Ukiwa na miaka 65 na kuendelea mbwa wa kwanza ni bure, kwa hiyo kama mbwa ni wa mama mwandikishe mama, lakini awe wake kweli. Ukikamatwa huna leseni na kesi ikafika mahakamani faini inaweza kwenda mpaka pauni 1,000, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa kwenye anwani. Mbwa nilimchukua kwa mtu akiwa na chipu tayari, leseni nikalipa, nikajiona nimemaliza. Jumapili moja niko jikoni na pilau, aliyeleta mzigo akaacha geti wazi, mbwa wangu Simba huyo akatokomea, na kola nilikuwa nimeivua asubuhi nikimwogesha. Bwana mbwa wa halmashauri (sisi ndo tunamwita hivyo, kama bwana afya) akamwokota, akapitisha mashine shingoni, chipu ikatoa jina na simu ya mwenye mbwa wa zamani, ambaye naye alishabadilisha namba. Simba nilimpata siku ya tatu baada ya kupiga simu halmashauri mwenyewe, nikalipa hela ya kumkomboa na ya kulala. Mbwa aliyeokotwa anashikiliwa siku tano, zikipita hujatokea anaweza kupewa mtu mwingine au hata kuuawa. Kwa hiyo ukipewa mbwa mwenye chipu, siku hiyo hiyo wasiliana na kampuni inayotunza kumbukumbu za ile chipu ubadilishe jina, anwani na simu, maana kulipa leseni hakubadilishi chochote kule. Na kola yenye jina na anwani yako ni lazima akiwa nje, chipu haichukui nafasi yake.

Bwana mbwa haokoti wanaozurura tu. Mbwa wa jirani akikung'ata au akimkimbiza mtoto, unampigia yeye, usianze kurushiana maneno dirishani.

Wale wa XL Bully (aina ya mbwa wakubwa wenye misuli), bila cheti maalumu huruhusiwi kuwa naye tangu mwisho wa 2024, na hata ukiwa nacho nje anatembea na kamba na kifunga mdomo. Ukikuta anauzwa bei poa, achana naye.

Leseni ni ya miezi 12, weka alamu kwenye simu wiki mbili kabla haijaisha. Mimi nimeiweka tarehe ya kodi ya nyumba, ile siisahau hata nikitaka.