Namna ya Kuzuru Makumbusho ya Hyrax Hill, Nakuru, Usirudi Ukisema Hukuona Kitu

Kila likizo ya shule ikikaribia, swali ni lile lile: pale Hyrax Hill kuna nini zaidi ya nyasi na mawe? Naandika jibu lake mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Panda matatu ya Gilgil au Naivasha, umwombe kondakta akushushe Hyrax Hill, yapata kilomita 4 kutoka katikati ya Nakuru.

Hatua ya 2. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali. Viwango vya mtoto, raia na mgeni havilingani, kwa hiyo vitazame kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 3. Anzia ndani. Makumbusho yenyewe ni nyumba ya shamba ya enzi za walowezi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1965, na vyumba vyake ni vichache. Tazama vigae vya vyungu na vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokatika kwa makali kama kioo.

Hatua ya 4. Mashimo ya Sirikwa, wafugaji walioishi nyanda hizi zamani. Hapa ndipo wageni wengi hupotewa na ziara yao, kwa maana hutangulia wenyewe bila mwelekezi, wakaona mabonde madogo yaliyoota nyasi, wakapiga picha moja na kuondoka. Hata wataalamu waliyadhania mwanzoni kuwa ni makao ya watu, hadi uchimbaji wa mwanaakiolojia Sutton ulipobainisha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa kuingia ardhini, na nyumba ya mwenyewe ikishikamana na ubavu wa zizi. Simama upande wa chini wa mteremko, kwa sababu ndiko lango lilikokuwa. Kisha tafuta kichuguu kando ya lango hilo: ni samadi na taka zilizokuwa zikizolewa zizini na kutupwa nje, mwaka baada ya mwaka. Ukishalitambua shimo moja hivyo, mengine utayasoma bila kuelekezwa. Tafadhali usishuke kwenye kingo zilizochimbuliwa, usiokote kigae, wala usihamishe jiwe hata kama unaliona limekaa ovyo. Likishaondolewa mahali pake halina tena la kumweleza mtafiti.

Hatua ya 5. Panda kileleni kabla jua halijawa kali. Kuna boma la mawe, na Ziwa Nakuru huonekana vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kiingilio ni pesa ngapi?
Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Nilienda mwaka jana na sikuona cha maana. Kwa nini mnapasifu?
Jibu: Ulitembea na mwelekezi? Kama hukutembea naye, rudia hatua ya 4 ndipo tujadiliane. Hakuna aliyekuahidi simba.

Swali: Nimesikia kuna makaburi. Je, ni ya hao hao wenye mazizi?
Jibu: La, na umeuliza vyema. Makaburi hayo ni ya wafugaji wa kale zaidi, wa Zama za Mawe. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na jambo la kuvutia ni kwamba wanawake walizikwa na sahani za mawe pamoja na michi yake, ilhali wanaume hawakuwekewa chochote. Mwombe mwelekezi akuonyeshe sahani mojawapo, kisha uilinganishe na jiwe la kusagia la nyumbani kwenu. Eneo lote lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1943.

Swali: Ni kweli kuna bao limechongwa mwambani? Huku Kisumu wazee wetu hucheza ajua kila jioni.
Jibu: Ni kweli, vishimo vimepangwa safu mbele ya safu. Waje wazee hao waamue kama wangeweza kulichezea. Jua likiwa limeinama vivuli hujaa vishimoni na bao huonekana wazi zaidi kuliko saa sita mchana.

Swali: Nina darasa la wanafunzi na siku nzima. Tumalizie wapi?
Jibu: Kariandusi, karibu na Elmenteita, kwenye barabara hiyo hiyo ya Nairobi. Huko mtaona mashoka ya mkono ya mawe yakiwa yameachwa palepale yalipochimbuliwa. Wapeni watoto maji ya kutosha, kwani njia ya kushuka penye machimbo haina kivuli.