Longido 1914 mezani: je, kama maji yangefika?

Anayesafiri kutoka Arusha kwenda Namanga huupita Mlima Longido. Upige picha ukiwa barabarani, kwani umbo lake ndilo utakalolijenga mezani kwa mchezo huu wa vita wa sanamu na dadu.

Novemba 3, 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu wanajeshi 1,500 wa upande wa Waingereza, wengi wao Wapunjabi kutoka India, waliuvamia mlima huo katika ukungu mzito. Waliwakuta askari kama 600 wa Wajerumani pamoja na wazungu 86 wa kikosi cha farasi. Nyumbu waliobeba maji walitimka (nyumbu wa mizigo, mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti), na usiku jeshi likarudi Namanga likiwa na kiu. Badilisha jambo hilo moja tu: maji yanafika. Wengi hukosea hapa. Huwaongezea Waingereza maji, bunduki za rashasha na jemadari hodari kwa mpigo, halafu mchezo ukiisha hakuna anayeweza kusema ni kipi kilichogeuza vita.

Unganisha meza mbili upate sentimita 180 kwa 120. Sentimita 1 ni mita 50, na raundi moja ni nusu saa. Raundi 16 zinatosha, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana.

Mlima utengeneze kwa steirofomu ya boksi la friji, matabaka manne ya sentimita 4, kila ngazi ikiwa na upana wa sentimita 8 au zaidi. Ukichonga mteremko laini utapendeza macho, lakini sanamu zitateleza kila mtu akigusa meza. Tumia gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji, maana rangi ya kupuliza na gundi ya viatu huila steirofomu ikabaki mashimo. Vichaka vya Longido vinatoka vizuri kwa maganda ya kahawa kutoka mashine za kukobolea za Moshi. Yaanike mpaka yakauke kabisa, la sivyo yataota kuvu chini ya gundi.

Sanamu za karatasi ya manila zenye urefu wa sentimita 2 zinafaa kabisa. Bandika tatu juu ya kibao cha plaiwudi cha sentimita 4 kwa 3, na chini yake gundisha washa ya chuma ili upepo wa dirishani usiziangushe. Plaiwudi nyembamba ipakwe rangi pande zote mbili, kwa sababu ikipakwa upande mmoja hupinda. Kibao kimoja ni watu 50, hivyo Waingereza wana vibao 30: safu tatu za vibao 8, na 6 vya akiba. Wajerumani wana 14: kampuni (vikosi) tatu za vibao 4, na 2 vya farasi. Vya Wajerumani visiwekwe mezani mwanzoni. Msimamizi avichore kwenye ramani yake na avitoe vinapoonekana.

Kwenye tambarare kibao cha miguu kinakwenda sentimita 20, mlimani 8. Bunduki inafika sentimita 12, dadu moja kwa kila kibao: 5 au 6 inaua, na adui akiwa nyuma ya mawe ni 6 pekee. Ukungu unapunguza macho hadi sentimita 3. Kuanzia raundi ya 5 tupa dadu kila raundi, na ikija 5 au 6 ukungu unaondoka moja kwa moja.

Maji ndiyo roho ya mchezo, kwa hiyo yasimamie kwa makini. Kila safu ianze na punje 10 za mahindi, iondolewe punje 1 kila raundi na nyingine 1 ikipanda. Zikiisha, safu inahitaji 4 au zaidi kwenye dadu ili isonge mbele. Vibao 3 vya nyumbu viingie raundi ya 3 kwa njia ya Namanga, sentimita 20 kila raundi, na safu wanayoifikia ijaziwe punje zote. Usiwape kinga: wakipigwa risasi tupa dadu, na ikija 1 au 2 wanatimka. Bila hatari hiyo umeshaamua mshindi kabla ya kuanza.

Longido ikianguka, usifunge meza. Siku hizohizo kama Waingereza na Wahindi 8,000 walikuwa wakishuka Tanga, na Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alisafirisha kampuni kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, akapigana akiwa na watu kama 1,000. Kwa Tanga tumia kibao kimoja kwa watu 200: vibao 40 dhidi ya 5. Sasa mwulize mchezaji wa Wajerumani ni kampuni ngapi atazibakiza kuilinda njia ya Arusha. Kila moja inaondoa kibao kimoja kati ya vile 5. Aandike jibu kwenye karatasi kabla hajaiona meza ya Tanga, na asiruhusiwe kulibadili: kutoka Longido hadi Arusha pekee ni kama kilomita 80 kwa miguu, na reli ya wakati huo iliishia Moshi.