Kamera ndogo ya mfukoni: vitufe vya kuvijua ili picha zako za kila siku zitoke vizuri

Watu wengi wakishapata kamera ndogo wanaiacha kwenye oto, wanapiga piga wiki mbili hivi, wanaona picha hazina tofauti kubwa na za simu, basi inaishia kwenye droo. Mi huwa naumia nikiona hivyo, kwa sababu hizi kamera zina uwezo mkubwa tu, shida ni kwamba hakuna aliyewaonyesha vile vitufe vitatu vinne ambavyo ndo vyenye kazi. Kwa hiyo kama unayo ichukue, iwashe kabisa uwe nayo mkononi wakati unasoma, twende taratibu.

Kabla hujapiga chochote weka tarehe na saa. Najua inaonekana kitu kidogo, ila kamera nyingi ndogo hazijipangii saa zenyewe kama simu, na ukitoa betri ukaiacha muda mrefu inasahau kila kitu. Mi nina picha za mwanangu anajifunza kutembea ambazo kompyuta inaniambia zimepigwa Januari ya mwaka ambao hata mimba yake haijatungwa, na mpaka leo nazipanga kwa kuangalia ana meno mangapi. Dakika moja tu ya kwenye menyu ingeniokoa.

Afu memori kadi. Ukiweka kadi mpya, au uliyokuwa unaitumia kwenye kifaa kingine, ifomati ndani ya kamera yenyewe, usifomatie kwenye kompyuta, maana kamera inatengeneza mafolda yake inavyoyataka (na hakikisha umeshahamisha picha za zamani, kufomati kunafuta vyote). Kamera za zamani kidogo kuna zinazoishia kadi za GB 32, ukiweka kubwa zaidi hazisomi, hapo usidhani kadi ni mbovu. Kama unarekodi vidio za 4K tafuta kadi iliyoandikwa V30, maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Na ikikwambia kadi imefungwa, angalia ule ulimi mdogo wa pembeni ya kadi, umeshuka, upandishe tu.

Haya, sasa kitufe cha kupigia. Hiki kina hatua mbili na watu wengi wamekaa na kamera miaka hawajui. Weka kikombe mezani, kaa kama hatua moja nyuma, afu bonyeza kitufe polepole mpaka usikie kidole kimegota kidogo, usiendelee, simama hapo hapo. Utaona kiboksi cha kijani kimetokea kwenye skrini na kamera nyingi zinalia pii. Hapo kamera imeshafokasi na imeshapima mwanga, inakusubiri wewe tu. Ukimalizia kubonyeza picha inapigwa papo hapo. Kile kitu watu wanacholalamikia kwamba kamera inachelewa, mtoto ameruka wewe umepata miguu tu, sehemu kubwa ya ule muda ni kamera inatafuta fokasi kwa sababu umebonyeza kwa mkupuo mmoja toka juu mpaka chini. Ukishabonyeza nusu mapema ukangoja tukio, unalipata. Pia ule mkupuo unaitikisa kamera, ndo maana picha zinatoka na ukungu hata mchana kweupe.

Na ukiwa umebonyeza nusu hivyo unaweza kuisogeza kamera. Yaani unafokasi kwenye kikombe kikiwa katikati, kidole bado kimegandia nusu, unageuza kamera kidogo kikombe kiende pembeni ya picha, ndo unamalizia. Kwa kazi hii weka fokasi iwe ya nukta ya katikati, kwa sababu ukiiacha ichague yenyewe mara nyingi inakimbilia kitu kilicho karibu zaidi, na unachokitaka wewe pengine kiko nyuma yake. Ila kwa watu washa ile ya kutambua sura, na kama kamera yako inatambua macho basi washa hiyo, jicho likiwa kali picha nzima inaonekana kali.

Fanya zoezi hilo la kikombe mara ishirini mpaka kidole kijue chenyewe. Kisha ndo tuje kwenye kitufe ambacho mi naona kinazidi vyote, cha jumlisha na toa. Kimechorwa + na − kwenye kiboksi kidogo, wakati mwingine ni gurudumu lenye namba kuanzia −3 mpaka +3. Kwanza toa kamera kwenye oto weka P (hapo inapanga mwanga yenyewe ila inakuachia urekebishe), kwa sababu nyingi zikiwa oto kamili zinakifunga hicho kitufe, au zinakibadilisha jina.

Kazi yake ni hii. Kamera haijui inaangalia nini, inaona mwanga tu, na imefundishwa kwamba ukichanganya vitu vyote kwenye picha ukapata wastani, ule wastani unatakiwa uwe kijivu cha katikati. Sasa msimamishe mtu mbele ya dirisha au ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza, ukuta unakuwa wa kijivu na mtu anakuwa kivuli. Hakuna kilichoharibika, imefanya ilivyofundishwa. Wewe unaweka +1, maana yake umeipa mwanga mara mbili, unapiga tena unaangalia, kama bado ongeza theluthi moja moja, +1.3, +1.7, mpaka sura itokee. Dirisha litaungua kuwa jeupe pee, liache liungue, ulikuwa unampiga mtu.

Kinyume chake ni paka mweusi kwenye kiti cheusi, kamera itaona giza itaongeza mwanga na paka atatoka kijivu kama amemwagiwa majivu, hapo unashuka −0.7 au −1 weusi wake unarudi.

Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi hiki kitufe usikichukulie poa, maana kinakata pande zote mbili. Mtu mweusi akiwa na anga nyuma yake anatoka kivuli, unapanda. Ila ukimsogelea mpaka sura yake ijaze picha yote, kamera inageuka inaona giza, inaongeza mwanga, na unapata ngozi iliyopauka, ile nuru ya kwenye paji la uso inakuwa doa jeupe halina hata rangi. Hapo unashuka −0.3 au −0.7 na ngozi inarudi na utajiri wake wote, kahawia, wekundu, mng'ao. Wengi wanajua kupanda tu, hawajui kushuka, na ndo maana picha za sura za karibu zinawatoka hazina uhai. Jaribu na mtu wa nyumbani dakika tano, piga kwenye 0, piga −0.7, piga +0.7, ziweke pamoja uangalie, utaelewa kuliko nikieleza kurasa kumi. Ukimaliza rudisha sifuri, maana kamera nyingi zinakumbuka ulipoiacha na kesho utashangaa kila kitu giza.

Ukishakaa vizuri na P jaribu A, kwenye kamera nyingine imeandikwa Av. Hapo wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi, namba inavyokuwa ndogo ndo tundu linavyokuwa kubwa, f/1.8 linaingiza mwanga mwingi na f/8 kidogo. Watu wanasubiri f/1.8 iwape ile nyuma yenye ukungu laini kama ya kamera kubwa wanaambulia kidogo sana, na sababu ni senso, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera ndogo nyingi zina senso ya kama milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Zile zinazoitwa za inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake mara nne hivi (wala hakuna upande wake unaofika inchi moja, jina limerithiwa toka kwenye zile tyubu za kamera za televisheni za zamani). Sony RX100 ya 2012 ndo ilifanya watu wazoee senso ya namna hiyo kuingia mfukoni, na mwaka uliofuata Ricoh GR ikaja na senso kubwa zaidi inayoitwa APS-C, kama milimita 23.5 kwa 15.6, kwenye mwili mdogo hivyo hivyo ila lenzi yake haivuti. Kwa hiyo kama unachagua kamera, angalia senso kabla ya megapikseli. Megapikseli hata usihangaike, kuchapisha A4 safi kabisa unahitaji kama 9 tu, na siku hizi hakuna kamera ya maana iliyo chini ya 12.

Kama yako ni ya senso ndogo na unataka nyuma kulainika, msogelee unayempiga, vuta lenzi kidogo, na msogeze yeye mbali na ukuta, mita tatu nne na zaidi. Umbali wa nyuma unasaidia kuliko ile namba ya f.

Kuhusu kuvuta, ingia kwenye menyu uzime zumu ya kidijitali leo leo. Zumu ya lenzi ni vioo vinasogea kweli kweli, ya kidijitali inakata picha inaikuza, kitu ambacho unaweza kufanya mwenyewe baadaye kwenye kompyuta ukiwa umetulia. Na ukimpiga mtu sura usimpige na lenzi ikiwa pana kabisa, ile 24 au 28 (ni milimita za lenzi, namba ikiwa ndogo inaona upana zaidi), kwa sababu itabidi umsogelee sana na pua itakuwa kubwa masikio yarudi nyuma. Rudi hatua mbili, vuta mpaka kwenye 50 au 70 hivi. Kumbuka tu kwamba kwenye kamera nyingi unavyovuta ndo tundu la lenzi linavyozidi kuwa dogo, Canon G7 X Mark III kwa mfano inaanza f/1.8 ikiwa pana, ikifika mwisho wa kuvuta ni f/2.8, na za bei ya chini zinashuka zaidi ya hapo. Ndani ya nyumba jioni usivute, sogea kwa miguu.

ISO, yaani jinsi kamera inavyouongeza mwanga inaoupokea, iache oto ila iwekee kikomo, 1600 kwa senso ndogo, 3200 kwa inchi 1. Ikizidi hapo picha zinaanza chengachenga. Ila nikiambiwa nichague kati ya chengachenga na ukungu nachukua chengachenga, picha iliyotikisika hairekebishiki. Hapa kuna kitu kinawachanganya watu sana: ile ya kuzuia mtikisiko inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi mtoto anayekimbia. Mtu amesimama, kasi ya 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga) inatosha, watoto wanakimbizana weka S au Tv, ambapo unachagua kasi mwenyewe, afu 1/500, na hilo linataka mwanga, kwa hiyo watoe nje.

Flashi ndogo ya kamera inafika mita tatu nne, basi. Ukiwa ukumbini nyuma kabisa inamulika visogo vya walio mbele yako, jukwaa haifiki, izime. Inapofaa hasa ni saa sita mchana, pale jua liko utosini na macho ya watu yamekuwa mashimo meusi, ilazimishe iwake, inajaza vile vivuli na sura inafunguka. Watu wanashangaa flashi juani lakini jaribu. Usiku kwa kitu kisichosogea, zima flashi, iweke kamera juu ya ukuta mfupi au meza, weka taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise, iache ifanye kazi.

Alama ya ua ni ya vitu vya karibu, wadudu, maua, maandishi. Kwa kamera nyingi inakubali karibu kabisa lenzi ikiwa pana, ukivuta inagoma kufokasi, sasa usilazimishe, rudisha lenzi ndani.

Betri za hizi kamera ni ndogo, nyingi zinakadiriwa picha 200 mpaka 300 hivi kwa chaji, na vidio inazimaliza haraka zaidi, kwa hiyo nunua ya pili mapema. Na kinachoziua sana kamera zenyewe ni mchanga na kuwashwa ndani ya begi. Lenzi inataka kutoka, imebanwa na nguo, mota inasukuma mpaka meno yanakatika, kesho yake inakuandikia kosa la lenzi. Iweke kwenye kipochi kigumu kidogo, na ufukweni usiiwashe mikono ikiwa na mchanga, chembe moja ikiingia kwenye zile pete za lenzi utaisikia inakwaruza kila ikitoka na kuingia. Ikikwama usiisukume kwa mkono. Izime, toa betri, puliza kwa kile kipulizio cha mpira, mdomo una mate, afu ndo uijaribu tena ikiwa imeangalia chini.