Apdeti za SQL Server: chukua ya mwisho tu
Wakuu mnaoshika seva za databesi hapa Dar, kuanzia SQL Server 2017 (programu ya databesi ya Microsoft) sevisi paki, yale mafurushi makubwa ya apdeti, hazipo tena, apdeti za kawaida zinatoka kama CU (Cumulative Update, yaani apdeti ya jumla), na kila CU imebeba zote za nyuma yake so usihangaike kupanda moja moja, shusha ya mwisho weka hiyo hiyo. Ila kwanza bakapu, na msisahau master na msdb jamani, hizo ni databesi za SQL Server yenyewe, wengi wanachukua databesi za kazi tu halafu master ikigoma kuwaka wanabaki wanahaha usiku kucha. Kama una replika (seva nyingine yenye nakala ya databesi zako), anza na ya pili, hamishia kazi huko ndo umalizie ya kwanza. Ukimaliza piga SELECT @@VERSION uone namba ya toleo imebadilika. Na jenereta iwe na mafuta, umeme ukikata katikati ya apdeti ni balaa.