Simba wa alfajiri: zima injini kwanza

Wa Dar mnaokwenda hifadhi ya Mikumi wikendi kupiga picha za simba, msitoke mjini usiku mkitegemea kuwahi mapambazuko. Kutoka Dar ni karibu kilomita 300, na malori ya barabara ya Morogoro mnayajua. Lala kule kule, saa 12 asubuhi uwe getini, kisha uingie uwanda wa Mkata.

Ukimkuta simba, mwambie dereva azime injini. Mtetemo wa gari huharibu picha kuliko kamera ya bei rahisi. Jaza kilo mbili za mchele kwenye mfuko wa kitambaa, uweke dirishani, lenzi ilale juu yake. (Jioni mnaupika, hakuna hasara.)

Mwanga bado ni mdogo, kwa hiyo fungua tundu la lenzi hadi mwisho (namba ya f iwe ndogo kabisa) na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hata 3200. Picha yenye chenga inavumilika, ya simba aliyetikisika haina dawa. Akitembea, spidi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Fokasi iwe kwenye jicho. Jua likiwa nyuma yake, punguza mwanga kidogo kwenye kamera: manyoya ya shingoni yatawaka pembeni kama dhahabu, na kukiwa na baridi utaona hadi pumzi yake.

Usiwashe AC njiani, lenzi itapata ukungu ukifungua dirisha.

Mazoezi? Coco Beach alfajiri, jua linachomoza baharini. Piga kunguru. Wamejaa, na hawatulii.